Mpishi Aliyeomba Pampu

Mpishi hakuweza kufanya kazi kimya. Akikoroga, alisema anakoroga. Akipunguza moto, aliuambia moto kwamba anaupunguza. Akitafuta upawa ulio mkononi mwake, aliutafuta kwa sauti mpaka mmoja wetu aseme, "Si huo, Mpishi," naye ajibu, "Nilikuwa nawajaribu kama mwasikia." Jiko letu lilikuwa godauni la mabati huko Chaani, na humo ndani sauti yake ilikuwa kama feni mbovu: haikupunguza joto, lakini ikizima kila mtu alitambua.

Kadzo, aliyekuwa mcheshi wetu, alimwambia siku moja, "Mpishi, wewe ukifa utaliambia kaburi kuwa waingia."

"Nitapiga hodi kwanza," akasema. "Mimi nina adabu."

Kiwanda kilitengeneza sosi ya ukwaju, na msimu wa pilipili tulitengeneza ya pilipili pia. Mpishi ndiye aliyekuwa mkubwa wa jiko. Hata mwenye kiwanda alimwita hivyo hivyo, Mpishi, na nikisikia jina hilo likitumiwa kwa mtu mwingine, hotelini au harusini, naona kama limeazimwa.

Alionja kwa ukucha wa kidole gumba. Alidondosha tone moja juu ya ukucha, akaliinamisha, akatazama linavyoteremka. Likikimbia, sosi bado. Likisita kisha likashuka, sosi tayari. Baada ya hapo ndipo aliligusa kwa ncha ya ulimi, akatema kwenye kopo. Kumeza hakumeza. Tumbo lake halikuweza ukwaju hata kidogo; usiku ulimchoma mpaka asubuhi. Tulimcheka sana kwa hilo, mpishi wa kitu asichokila. Yeye alisema mkunga naye si lazima amnyonyeshe mtoto.

Alikuwa na maneno yake ambayo sijayasikia kwa mtu mwingine. "Cha moto hakingoji hadithi," alisema, kisha akatusimulia hadithi ndefu sufuria likichemka. Alihubiri subira, na chai ikichelewa alizunguka jiko kama kuku anayetafuta pa kutaga. Alikuwa mkali wa kokwa kuliko yote. Ukwaju ulilowekwa usiku, asubuhi tukaukamua kwa mikono, tukauchuja nyuzi na kokwa zitoke. Akiona kokwa moja imepenya, alirudisha karai zima tuanze upya. "Kokwa kwenye chupa ya mtu ni kama jino kwenye wali," alisema. "Hata akiambiwa si jino, hali tena."

Mwezi wa Ramadhani alituletea tende sote, sisi Wakristo na Waislamu, akatukataza kula mbele yake mpaka adhana, kisha akasahau na kutuuliza mchana kama ni tamu. Mkewe alikuwa amefariki kabla sijamjua. Alikaa chumba kimoja cha kupanga, si mbali na kiwanda. Alisema, "Kwangu kuna saa ya ukutani na mimi, na saa ndiyo msemaji." Tulicheka. Sidhani alikuwa anachekesha.

Sasa nieleze kazi ilivyokuwa, maana bila hiyo huwezi kumwelewa.

Sosi ikiiva lazima itoke kwenye sufuria iende kwenye tangi, na tangi lilikaa juu ya jukwaa la chuma ili chupa zijazwe chini yake. Lazima iende ikiwa moto, kwa sababu ikipoa inakuwa nzito, na ikitiwa chupani huharibika upesi. Kwa hiyo mmoja alichota kwa upawa, mwingine akabeba ndoo, akapanda ngazi, mwingine akapokea na kumimina. Tulikuwa wanawake watupu, wengine wa kutoka bara ya Kaloleni na Rabai kama mimi, wengine wa pale pale Changamwe tangu babu zao. Sosi ya ukwaju haitoi mvuke mwingi kama chai. Inatulia, inashika ngozi juu, unaidhania imepoa. Ikikumwagikia haitiririki, inaganda hapo hapo na kuendelea kuchoma.

Kwa sababu hiyo Mpishi alitufundisha mwito. Anayeinua ndoo anasema, "Njia!" Na wote waliomo, hata aliye mbali, hata aliyenuna, lazima waitike, "Wazi!" Usipoitika hakuna anayesogea. Kutwa nzima jiko lilikuwa njia, wazi, njia, wazi, na katikati yake Mpishi akieleza anachofanya, na Kadzo akimdhihaki. Mimi si mtu wa maneno. Lakini "wazi" niliweza kuisema, na kwa neno hilo moja nilikuwa mmoja wao.

Siku ya Mwanaisha tulikuwa na oda kubwa. Mwanaisha alikuwa mwanamke wa Chaani, mama wa watoto wadogo, mwenye mikono ya nguvu na ulimi wa nguvu zaidi. Alisema njia, tukasema wazi. Na njia ilikuwa wazi kweli. Ila ngazi ilikuwa imelowa. Ndoo ilimgeukia, sosi ikamfunika mguu kuanzia kifundo mpaka vidole.

Mpishi alifika kabla yetu. Alimwagia maji, ndoo baada ya ndoo, akamfokea kila aliyekuja na unga au dawa ya meno. "Maji! Maji tu! Mwataka kumkaanga?" Kisha akambeba mwenyewe mpaka barabarani kutafuta tuktuk, mzee yule, na Mwanaisha si mwepesi. Aliporudi alikoroga mpaka jioni bila kutamka neno. Hatukujua la kufanya. Kadzo alijaribu kumtania, akaishia katikati.

Kesho yake alikwenda kwa mwenye kiwanda. Ofisi ilitenganishwa na jiko kwa mabati, tulisikia yote.

"Maji yapanda ghorofa kwa pampu," Mpishi alisema. "Sosi kwa nini ipande kwa mguu wa mtoto wa watu?"

"Pampu ya chakula si kama ya maji, Mpishi. Ni ghali."

"Wenye maziwa wanazo. Nimeziona. Wafungua swichi, maziwa yaenda yenyewe. Hakuna mtu aungua."

"Nitafikiria."

"Fikiria mimi nikiwa hapa."

Akakaa. Tulisikia kiti. Alikaa huko mpaka sosi ikakaribia kushika chini, tukamwita, akaja akapunguza moto, akarudi akakaa tena. Mwishowe mwenye kiwanda alikubali. Ndipo Mpishi akauliza, kwa sauti ya chini kidogo, "Na hawa wanangu?"

"Kazi itaongezeka. Kazi ikiongezeka nani atafukuzwa?"

Mpishi alitoka akasimama mbele yetu. Mwanaisha naye alikuwapo siku hiyo. Alikuja na mguu umefungwa bendeji, kaketi juu ya gunia la sukari.

"Pampu yaja," Mpishi akasema. "Na hakuna atakayetoka. Dhamana ni mimi."

"Dhamana wewe, Mpishi?" Mwanaisha akamuuliza.

"Mimi, wallahi."

Kuna watu ambao kwao neno hilo ni kama koma, wanalitia kila mahali. Mpishi hakuwa mtu huyo. Katika miaka yote niliyofanya naye kazi sikumsikia akiapa kabla ya siku ile.

Pampu ililetwa ndani ya sanduku la mbao. Tulitazamia dude kubwa. Kumbe ni kitu cha chuma kinachong'aa, ukubwa wa mbuzi aliyelala, chenye mota upande mmoja na mdomo wa bomba pande mbili. Ndani yake mlikuwa na meno mawili ya mviringo yanayozunguka yakipishana, na kila yakipishana yanameza sosi huku na kuitoa kule. Bomba lilitoka kwenye sufuria, likaingia kwenye pampu, likapanda mpaka kwenye tangi. Ndani ya tangi fundi alitia kitu cha kuelea. Tangi likijaa, kile kitu kinainuka na pampu inazima yenyewe. Likipungua, inawaka yenyewe. Na chini, penye chupa, kulikuja pampu nyingine ndogo ya kupima, inayotia kila chupa kiasi kile kile.

Fundi alimweleza Mpishi miiko yake. Usiiendeshe kavu. Usiipe sosi iliyopoa. Usiipe kitu kigumu. Ukimaliza, ipitishe maji moto. Mpishi alirudia kila mwiko kwa sauti kama mwanafunzi wa chuo cha Kurani.

"Mgeni wenu huyu," Mpishi akatuambia. "Mkaribisheni."

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," Kadzo akasema. "Huyu twampa jembe leo leo."

Fundi akajaribu kwa maji kwanza. Maji yakapanda. Tukayasikia yakianguka ndani ya tangi juu, hapo penye ngazi ya Mwanaisha, na hakuna mtu aliyepanda. Kisha pampu ikazima yenyewe, tik. Tukapiga vigelegele. Tuliipigia pampu vigelegele kama bibi harusi anashuka garini, na Mwanaisha mwenye bendeji ndiye aliyeanza.

Mwisho wa mwezi meneja wa kiwanda alituita ofisini mmoja mmoja. Walioingia walitoka na mifuko yao. Nilipoitwa mimi niliambiwa nitabaki, nifunge vifuniko na kubandika karatasi za chupa. Sijui kwa nini mimi. Labda ni kwa kuwa nilikuwa mdogo kuliko wote, labda kwa kuwa sikuwahi kuwajibu.

Jioni walimngoja Mpishi getini. Hawakupiga kelele. Alikuwa ameshakwenda kwa mwenye kiwanda, ameshamwambia kuwa wakitoka wao na yeye atatoka, na mwenye kiwanda amemjibu, "Basi, mzee, shauri yako." Hayo aliwaeleza. Mwanaisha akamsikiliza mpaka mwisho.

"Sasa?" akamuuliza. "Kesho waja au huji?"

Mpishi aligeuka akalitazama geti.

"Ulituapia."

"Nami nimedanganywa, mwanangu."

"Sikukuuliza kama umedanganywa. Nimekuuliza kesho waja?"

Kesho alikuja. Angekwenda wapi, umri ule, na jiko gani jingine lingemchukua? Lakini hilo ndilo wenzangu walilolishika. Kudanganywa walimsamehe upesi. Hakuna ambaye hajadanganywa na tajiri. Walichoshindwa kumeza ni kwamba alisikika asubuhi akiingia getini, akimwambia bawabu kuwa anaingia. Tangu hapo, wakikutana naye katika vichochoro vya Chaani, walikuwa na haraka. Mpishi alilijua hilo. Kila siku alinidadisi nimemwona nani, amesema nini. "Hakuniuliza?" Nilisema hapana. Sikujua kusema uongo mzuri.

Basi wakaanza maisha yao, yeye na Mgeni. Mimi nilikuwa upande wa chupa, nyuma ya kiambaza, namsikia tu. Alimsimulia Mgeni kila kitu. "Sasa natia chumvi. Sasa nakufungulia, usije ukalalamika ni nzito." Pampu ina mlio wake, sosi ikiwa sawa inaimba kwa pua, ikiwa nzito inaguna. Akisikia inaguna aliiambia, "Nimesikia, nimesikia, naongeza moto." Kisha kimya, kile kitu cha kuelea kikipanda, tik, na hakuna wa kujibu. Wakati mwingine aliinua ndoo tupu ya kusafishia na kusema "Njia!" kwa mazoea. Nami nyuma ya kiambaza niliitika "Wazi!" Sijui kama nilimfurahisha au nilimwumiza.

Chakula cha mchana zamani tulikula sote kwenye sinia moja. Sasa alikula haraka, amesimama, ameupa mlango mgongo.

Halafu pampu ikaanza kuziba.

Mara ya kwanza ilikwama katikati ya oda, sosi moto tele sufuriani na tangi tupu. Mota ilinguruma ikanyamaza. Meneja, kijana wa bara ambaye hakuwa mtu mbaya, alikuja mbio. "Mzee, sasa itakuwaje? Hii mzigo inafaa kutoka leo!" Mpishi akamwambia, "Waite wanawake. Wanajua kazi." Wakaitwa kwa simu. Kadzo alikuja, Mwanaisha akaja, na wengine waliokuwa hawajapata kibarua kwingine. Hawakumsalimu Mpishi vizuri, lakini ndoo haijui ugomvi. Baada ya nusu saa mtu alisema njia, watu wakasema wazi, na Kadzo akasema, "Mgeni kashindwa na jembe!" Mpishi alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. Sijawahi kumwona mtu aliyefurahi hivyo kwa kuharibikiwa.

Iliziba tena baada ya muda. Tena ikaziba. Kila ilipoziba waliitwa, wakalipwa kibarua cha siku, wakaenda zao. Wao wenyewe walianza kuombea. Kadzo aliniambia njiani, "Mwambie Mgeni aumwe wiki hii, nina karo." Nami nilikuwa nasikia tofauti asubuhi za siku ilipoziba. Mpishi alikuwa anachuja ukwaju mwenyewe tangu wenzetu waondoke, na asubuhi hizo hakusema anachuja. Alisema kila kitu kingine.

Siku iliyomaliza mambo, pampu ilikwama, wenzangu wakaja, na meneja safari hii alikuwa amemleta fundi papo hapo. Ndoo zilikuwa zimeanza kwenda. Fundi akafungua pampu sakafuni, akatia vidole kati ya yale meno, akatoa kokwa. Akatoa nyingine. Zilikuwa nzima nzima, nyeusi, zinang'aa, akazirundika kwenye kitambaa.

"Hizi hazikupita chujio," fundi akasema. "Hizi zimetiwa."

Meneja akamtazama Mpishi. "Nani anachuja, mzee?"

"Mimi."

"Na hizi?"

Watu wote walikuwa wamesimama, ndoo mikononi. Angeweza kusema macho yamekufa, kila mtu angemwamini. Mpishi alivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili.

"Nimezipitisha mimi."

"Kwa nini sasa?"

Hakumtazama meneja. Alitutazama sisi. "Jiko lilikuwa kimya," akasema.

Kadzo alicheka, kisha akaona hakuna anayecheka. Mwanaisha aliiteremsha ndoo yake polepole, kama mtu anayeweka chini mtoto aliyelala. Mguu wake ulikuwa na kovu lililopauka mpaka vidoleni.

"Uliomba pampu tusiungue," akasema. "Si ndivyo? Halafu waiziba, tuje tubebe tena. Upate wa kuzungumza naye." "Sauti zetu wazitaka, Mpishi. Na miguu yetu je?"

Sijasahau uso wake. Nadhani hakuwa ameliona hilo hata mara moja. Alikuwa amewaza kibarua cha wenzangu, amewaza sinia, amewaza neno lake alilovunja na jinsi ya kuliunga kidogo kidogo. Ngazi hakuiwaza. Alifungua kamba ya aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya mota. Meneja alimwambia arudi Jumatatu, watatia wavu kwenye mdomo wa bomba na mambo yataisha. Alimshukuru. Hakurudi.

Wavu ulitiwa. Siku hizi ninayeshika swichi ni mimi. Nachuja, nachemsha, nadondosha tone kwenye ukucha, nasikiliza mlio. Siwezi kuisema vibaya pampu. Tangu ilipokuja hakuna aliyeungua, ila siku zile ilipozibwa Kadzo alirukiwa kidogo mkononi. Chupa zinatoka sawasawa, nyingi kuliko zamani. Lakini jiko lina mlio wa mota tu, na mimi. Watu hudhani mtu mkimya hapendi kelele za wenzake. Mtu mkimya ndiye anayezihitaji zaidi, kwa kuwa hawezi kujitengenezea zake.

Nilikwenda kumwona Jumapili moja. Kwa wakati huo nilikuwa nimehamia Mikindani kwa dada yangu, na kwa muda mrefu nilikuwa nikisema nitakwenda. Nilipiga hodi, akaitika karibu kabla sijaimaliza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Umekonda. Ni wewe umekonda au macho yangu?"

Aliyekonda ni yeye. Chumba kilikuwa safi kupita kiasi, safi ya mtu asiye na la kufanya. Alinitengenezea chai, akanieleza anachofanya mpaka sukari ya mwisho. Aliniuliza habari za Mgeni. Nikamwambia mlio umebadilika kidogo, kama unakwaruza. Akaniambia nimwite fundi atazame mpira wa ndani kabla haujavuja. Baada ya hapo mazungumzo yalikwisha. Tukawa twaisikiliza saa. Hakuniuliza habari za mtu yeyote, naye zamani asingeacha kuuliza.

Nilipoaga alisimama kunisindikiza. Kwetu pwani mgeni hasindikizwi mpaka mlangoni tu. Unatoka naye, mnakwenda kidogo, unamwacha njiani. Alisema atafika konani. Konani akasema dukani. Dukani akaendelea tu, mikono nyuma, nami nikapunguza mwendo kwa ajili ya magoti yake.

Mbele ya duka kulikuwa na mwanamke aliyekaanga muhogo kwenye karai, chini ya mwavuli mkubwa uliochanika. Ni Mwanaisha. Nilijua kuwa anauza hapo. Sikujua kama Mpishi anajua. Alijua. Alinyoosha shati lake.

"Asalaam aleikum," akasema.

Mwanaisha aligeuza muhogo. "Waaleikum salaam," akaliambia karai.

Tulipita. Hatua chache mbele Mpishi akasema, "Ameitika."

"Ndiyo, mzee."

"Si kitu. Kuitika salamu ni faradhi. Hata hasimu wako huitika."

Tukafika steji. Matatu zilikuwapo, makanga wanaita. Mpishi akasimama kando ya barabara akinitazama kama mtu aliyesahau alichotumwa. Nilimwona amechoka, na njia ya kurudi ni ile ile ndefu. Nikamwambia, "Mzee, nami nikusindikize."

Nilitaka kumtania tu, kama wafanyavyo watu. Alikubali kabla sijafunga mdomo.

Tukarudi. Kuna njia fupi nyuma ya msikiti, inayofika kwake upesi. Hakuishika, nami sikumkumbusha. Tukapita tena kwenye mwavuli. "Asalaam aleikum." "Waaleikum salaam." Mara hii Mwanaisha aliinua macho, lakini alinitazama mimi.

Mlangoni kwake Mpishi alitoa ufunguo, akaushika, hakuutia kwenye kufuli.

"Sasa wewe mtoto wa kike utakwenda peke yako?"

"Jua bado lipo, mzee."

"Jua si mtu," akasema, akautia ufunguo mfukoni.

Basi tukatoka tena. Kona, duka. Wanawake wawili waliokuwa wakinunua muhogo walitupisha. Mpishi alikohoa kusafisha koo, akafungua mdomo, na Mwanaisha akamwahi.

"We mzee! Mwenda wapi na mwarudi wapi? Mwanitia kizunguzungu!"

Mpishi akasimama. "Asalaam aleikum," akasema, kwa kuwa ndiyo aliyokuwa ameiandaa.

"Hiyo nishaiitika. Nauliza mwatafuta nini."

Alilitazama karai, akanitazama mimi, akaitazama barabara. "Twasindikizana," akasema.

"Mpaka lini?"

Wale wanawake wawili walicheka kwenye leso zao. Mwanaisha aliwafungia muhogo wao, akawakabidhi, akawangoja waondoke. Kisha akavuta kreti tupu la soda lililokuwa nyuma yake, akalipangusa kwa ncha ya leso, akaliweka upande wa pili wa karai, penye kivuli.

"Kaa," akasema. "Wanipitapita mbele, wateja wadhani ni kisirani. Kaa, muhogo huu utoke."

Mpishi alikaa. Alikaa ukingoni kabisa, magoti pamoja, kama mtu aliyealikwa kwa watu wakubwa. Mwanaisha aliongeza mafuta. Hakumtazama, lakini alipogeuza vipande aliusogeza moshi kwa kifuniko usimwendee machoni.

Nilingoja kidogo nione kama atainuka kunimalizia njia. Hakuinuka. Nikaenda steji peke yangu.